Kasha la Miwani na Sekunde 28 za Jalalabad

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Oktoba 2015, muda mfupi baada ya saa sita, ndege ya uchukuzi ya Jeshi la Anga la Marekani aina ya C-130J Super Hercules ilipaa kutoka uwanja wa Jalalabad, mashariki mwa Afghanistan. Sekunde 28 baadaye ilikuwa chini, inawaka moto ndani ya uzio wa uwanja uleule. Waliokuwamo walikuwa 11: marubani wawili, wasimamizi wawili wa shehena, askari wawili wa kuilinda ndege na makandarasi watano wa kiraia. Hakunusurika hata mmoja. Ndege iliupiga mnara wa ulinzi ulio kandokando ya ukuta, na askari watatu wa Afghanistan waliokuwa zamu nao wakafa. Jumla ni watu 14.

Kabla moshi haujaisha, Taliban walitangaza kwamba wao ndio walioitungua. Wengi waliwaamini, na haikuwa ajabu. Siku nne tu kabla, tarehe 28 Septemba, wapiganaji wao walikuwa wameuteka mji wa Kunduz upande wa kaskazini, na Jalalabad yenyewe iko katika mkoa wa Nangarhar, unaopakana na Pakistani, ambako vita havikuwa vimepoa. Ndege ya kijeshi ikianguka usiku mahali kama hapo, wazo la kwanza la kila mtu ni kombora. Ripoti ya bodi ya uchunguzi ilipotolewa mwezi Aprili 2016, haikukuta kombora, wala risasi, wala injini iliyozimika. Ilichokikuta ni kasha gumu la kuhifadhia miwani ya kuonea usiku, lililokuwa limewekwa mbele ya usukani wa rubani na kusahaulika pale.

Walioisoma habari hiyo juujuu waliimaliza kwa neno moja: uzembe. Mimi naona neno hilo linaifunga kesi mapema mno. Kasha lile halikuwekwa kwa uvivu. Liliwekwa ili kazi ya kupakia mizigo iende, na watu waliokuwa wakijitahidi kuifanya kazi hiyo usiku, injini zikiunguruma, katika uwanja ambao adui angeweza kuushambulia wakati wowote. Anayetaka kujua kwa nini watu 14 walikufa lazima aifuate kazi hiyo hatua kwa hatua, tangu kwenye mkia wa ndege hadi kwenye mkono wa rubani.

Tuanze na mkia. C-130 hupakiwa kwa nyuma. Mlango wake mkubwa hufunguka chini ya mkia, nusu ya juu ikikunjika kwenda ndani na nusu ya chini ikishuka kuwa daraja la kupitishia mizigo. Sakafu ya chumba cha mizigo iko kama mita moja tu kutoka ardhini, na chumba chenyewe kina kimo cha mita 2.7 hivi. Umbo hilo ndilo lililoifanya ndege hii ipendwe duniani kote. Ndizo zilizokuwa zikiruka kutoka Lokichoggio, kaskazini mwa Kenya, kwenda kudondosha magunia ya chakula Sudan ya kusini wakati wa vita vya huko. Foklifti husogea nyuma ya ndege, huinua mzigo hadi usawa wa sakafu, kisha huusukuma ndani kwenye magurudumu madogo yaliyopangwa sakafuni.

Juu ya mahali hapo hasa anapofanyia kazi dereva wa foklifti, umetanda mkia wa kulala, yaani mabawa madogo ya nyuma, na nyuma ya mkia huo zinaning'inia elevata. Elevata ni ubao mrefu unaopanda na kushuka, mmoja kila upande, na ndio unaoiamuru pua ya ndege iende juu au chini. Rubani akiuvuta usukani kuelekea tumboni kwake, elevata hupanda, hewa inayopita huusukuma mkia chini, na pua huinuka. Akiusukuma usukani mbele, kinyume chake hutokea. Mzigo ukiwa mrefu, elevata iliyolala usawa au iliyoinama kidogo hupunguza nafasi ya kupita. Kuigonga kwa foklifti ni hasara kubwa, kwani ndege haitaruka tena usiku ule, na itabaki imekaa uwanjani ikisubiri mafundi na maroketi.

Ndiyo maana rubani aliuvuta usukani nyuma. Elevata zikapanda, nafasi ikaongezeka, kazi ikaendelea. Mpaka hapo hakuna kosa kubwa. Mwanzoni aliushika usukani kwa mkono. Baada ya muda akalichukua kasha la miwani, akaliweka mbele ya usukani ili lizuie usirudi mbele, akaiachia mikono yake ifanye mambo mengine.

Naomba msomaji asimame hapa, kwa sababu kwangu mimi ajali ilianzia hapa. Mkono unaoshika usukani unachoka. Unauma. Kila sekunde unamkumbusha mwenye nao kwamba elevata ziko juu na kwamba kuna jambo halijamalizika. Kazi ya upakiaji ikiisha, mkono huohuo huachia wenyewe, na usukani hurudi mahali pake bila mtu kukumbuka chochote. Kasha lilipopokea kazi ya mkono, lilipokea na kumbukumbu pia. Kasha halichoki, halilalamiki, na upakiaji ukiisha halijui kwamba umeisha. Tangu dakika ile, usalama wa ndege nzima ulitegemea mtu kukumbuka, akiwa na shughuli nyingine kumi, kufanya kitu ambacho hakuna chochote kilichomkumbusha.

Madereva wa malori wa barabara zetu za milimani wanalijua jambo hili kwa njia yao. Jiwe linalowekwa chini ya tairi kuzuia lori lisirudi nyuma ndilo linalosahaulika barabarani, na usiku mwingine linavunja gari la mtu mwingine. Tofauti ni kwamba jiwe la Jalalabad lilikuwa ndani ya chumba cha marubani.

Kazi ya uwanjani haikuishia hapo. Dakika kama 50 zilipita kati ya kasha kuwekwa na ndege kuondoka. Katika muda huo injini zote nne zilikuwa zinafanya kazi. Huu ni utaratibu wa kawaida katika medani ya vita: ndege inatua, haizimi injini, inapakuliwa, inapakiwa, inaondoka. Faida yake inaeleweka. Injini iliyozimwa inaweza kugoma kuwaka, na kila dakika ya kukaa chini ni dakika ya kuwapa walioko nje ya uzio nafasi ya kupima umbali. Lakini utaratibu huo una gharama ambayo haionekani kwenye hesabu ya mafuta. Ndege inayozima injini na kuziwasha upya hulazimika kupita tena kwenye orodha ndefu ya ukaguzi, tangu mwanzo, na vichwa vya marubani navyo huanza upya. Ndege isiyozima huhisi kama safari inaendelea tu, kama basi lililosimama kituoni kushusha abiria. Rubani anajiona yuko katikati ya safari, na kumbe anakaribia kufanya jambo la hatari kuliko yote katika urubani, yaani kuiondoa ndege yenye mzigo mpya, uzito mpya na mizani mpya kutoka ardhini.

Halafu kuna giza. Taa zilikuwa zimezimwa, nje na ndani, na marubani walikuwa wamevaa miwani ya kuonea usiku. Watu ambao hawajaivaa hudhani kwamba miwani hiyo hugeuza usiku kuwa mchana. La hasha. Huonyesha picha ya rangi moja, ya kijani, na upana wa kinachoonekana ni nyuzi 40 hivi, wakati jicho la kawaida linakaribia nyuzi 200. Zaidi ya hapo, hurekebishwa ili ione mbali: mwisho wa njia ya kurukia, milima, ndege nyingine. Kitu kilicho umbali wa nusu mita huonekana kama ukungu. Ili kusoma saa na vioo vilivyo mbele yake, rubani hupitisha macho chini ya miwani. Sasa weka kasha la rangi ya giza kati ya bodi ya vyombo na usukani, ndani ya chumba kisicho na taa. Halionekani kwa miwani, na kwa macho matupu huonekana tu ukiwa unalitafuta. Hakuna aliyekuwa akilitafuta.

Mlango wa nyuma ukafungwa. Ndege ikasogea hadi mwanzo wa njia, injini zikaongezewa nguvu, ikaanza kukimbia.

Katika mwendo mdogo elevata iliyopandishwa haina madhara yanayoonekana, kwa sababu hewa inayopita juu yake ni chache. Nguvu ya elevata hukua kwa mraba wa mwendo: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Ndiyo sababu kasha lile halikujulisha uwepo wake wakati ndege inasogea polepole, wala mwanzoni mwa mbio. Lilijulisha uwepo wake pale ambapo kurudi nyuma kulikuwa kumeshakuwa kugumu. Pua ilianza kuinuka ndege ikiwa chini kidogo ya mwendo uliokokotolewa, pungufu ya kilomita 5 na nusu hivi kwa saa. Ni tofauti ndogo. Usiku, kwa mtu ambaye hana sababu ya kushuku, inaweza kupita kama upepo wa mbele au hesabu ya uzito iliyokosewa kidogo.

Magurudumu yakaachana na ardhi, na pua ikaendelea kupanda. Ilipita kiwango cha kawaida cha kupaa, ikaendelea. Rubani msaidizi aliona tatizo, na hili ni muhimu: hawakuwa wamelala. Aliona, akatafuta jina la tatizo, akalipata jina lisilo lake. Alidhani trimu imeharibika.

Trimu ni kibao kidogo kilicho ukingoni mwa elevata, kinachorekebishwa kwa umeme ili rubani asilazimike kuusukuma au kuuvuta usukani kwa nguvu muda wote. Ikikwama upande wa kuinua pua, dalili yake ni hiyohiyo: pua inapanda bila kuambiwa, na usukani unakuwa mzito kusukumwa mbele. Katika ndege za kijeshi marubani hufundishwa kuishughulikia hitilafu hiyo, kwa hiyo ilikuwa karibu kwenye akili. Hitilafu iitwayo "kasha liko mbele ya usukani" haifundishwi popote. Mtu aliye na sekunde chache hachagui jina sahihi kutoka majina yote duniani, huchagua kutoka yale aliyonayo kichwani. Jina likishakosewa, mikono hufuata jina: hatua zilizochukuliwa zilikuwa za kuitibu trimu. Na elevata ikiwa imezuiwa isishuke, trimu haina msaada wa maana. Kibao kidogo hufanya kazi kwa kuisukuma elevata yenyewe, na ikiwa elevata imekwama kabisa, kibao hicho kinaweza hata kufanya kazi kinyume.

Pua ilifika nyuzi 42 juu ya upeo wa macho. Hakuna ndege ya mizigo inayoweza kupanda hivyo. Injini nne za C-130J zina nguvu nyingi, lakini haziwezi kuubeba uzito ule kwenye mwinuko wa namna hiyo, kwa hiyo mwendo ulishuka haraka. Bawa hubeba kwa sababu hewa hupita juu yake kwa mpangilio. Pembe kati ya bawa na hewa inayolijia ikizidi kiwango fulani, ambacho kwa bawa lililonyooka kama la ndege hii ni nyuzi 15 au zaidi kidogo, hewa huchanika kutoka sehemu ya juu ya bawa na uwezo wa kubeba huporomoka. Dawa ya hapo ni moja, kuishusha pua, na dawa hiyo ndiyo iliyokuwa imezuiwa na kasha.

Vitabu vya mafunzo ya kuokoa ndege iliyoinua pua kupita kiasi vinaeleza njia nyingine pale usukani usipoitika: kuilaza ndege ubavu ili pua ianguke yenyewe kuelekea upande, kisha kuinyoosha mwendo ukirudi. Njia hiyo inataka urefu wa kwenda juu na muda wa kufikiri, na wao hawakuwa na hata kimoja kati ya viwili hivyo. Sekunde 28 ni pamoja na muda wa kushangaa.

Bodi ya uchunguzi ilitaja vyanzo viwili. Cha kwanza ni rubani kuweka kasha mbele ya usukani na marubani wote wawili kushindwa kuliondoa kabla ya kuruka. Cha pili ni kulikosea jina tatizo ndege ilipokuwa hewani. Ilitaja pia mazingira ya giza, matarajio yasiyo sahihi na akili kung'ang'ania wazo moja. Yote hayo ni kweli, na siyapingi. Ninachosema ni kwamba orodha hiyo inamtazama mtu kuliko inavyoitazama kazi. Shehena ndefu si jambo geni kwa C-130. Kama mzigo wa kawaida hauwezi kuingia bila elevata kupandishwa, basi kupandisha elevata ni sehemu ya kazi ya upakiaji, na inastahili kuwa na kifaa chake, hatua yake na mtu wake. Ikiachwa kuwa ubunifu wa rubani wa usiku ule, kila rubani atabuni chake: leo kasha, kesho kitabu, keshokutwa begi. Na hakuna orodha ya ukaguzi duniani inayoweza kuandika "ondoa begi".

Hasara ya ndege peke yake ilikadiriwa kuwa zaidi ya dola milioni 58. Kifaa rasmi cha kuzuia usukani, chenye utepe mwekundu mrefu unaomgusa rubani usoni, kingegharimu sehemu ndogo isiyotajika ya fedha hizo.

Ajali ya Jalalabad ina ndugu yake katika nchi hiyohiyo. Tarehe 29 Aprili 2013, Boeing 747-400 ya mizigo iliyokodiwa kubeba zana za jeshi ilipaa kutoka Bagram kuelekea Dubai. Ndani yake mlikuwa na magari matano ya kivita yenye ngao dhidi ya mabomu ya ardhini: matatu ya tani 18 na mawili ya tani 12. Mara baada ya kupaa iliinua pua kupita kiasi, ikaishiwa mwendo, ikageuka na kuporomoka. Kamera ya gari lililokuwa likipita karibu ilinasa yote, na dunia nzima ikaona. Watu saba wa ndege walikufa. Safari hiyo pia Taliban walijitangaza, na safari hiyo pia haikuwa kweli. Gari la nyuma kabisa lilikuwa limekatika kutoka kwenye mikanda yake, likarudi nyuma, likatoboa ukuta wa mwisho wa chumba chenye shinikizo la hewa, likakata mifumo miwili ya haidroliki, yaani ya mafuta yenye shinikizo yanayosukuma vidhibiti vya ndege, na kuharibu mtambo unaouendesha mkia wa kulala. Marubani hawakuwa na kitu cha kushika tena.

Kilichonisikitisha zaidi katika habari ya Bagram ni kwamba ndege ile ilikuwa imetoka kambi ya Bastion, kusini mwa Afghanistan, na mzigo huohuo, na ilipotua kujaza mafuta watu wake walikuta mkanda umekatika, wakauzungumzia. Mkanda uliokatika baada ya mruko mmoja ni ushahidi kwamba hesabu nzima ya mikanda haikutosha, kwa sababu mikanda iliyobaki imeshavutwa kwa nguvu ileile. Lakini ushahidi huo ulipokelewa kama kasoro ndogo ya kurekebishwa, safari iendelee. Uchunguzi wa kiraia wa Marekani ulichapishwa Julai 2015. Kabla miezi mitatu haijapita, C-130J ikaanguka Jalalabad kwa umbo lilelile: pua juu, mwendo kwisha, bawa kuacha kubeba.

Watu wengi wa uchukuzi wa anga wa kijeshi hufa kwa mambo ya namna hii, na ndiyo sababu nalitilia mkazo. Huko Saigon, tarehe 4 Aprili 1975, C-5A Galaxy iliyokuwa ikiwahamisha watoto yatima wa Vietnam ilipoteza mlango wake wa nyuma ikiwa futi 23,000, yaani kilomita 7 angani. Mlango ulipotoka ulikata nyaya za mkia na mifumo miwili kati ya minne ya haidroliki. Marubani, kwa ustadi mkubwa, waliirudisha hadi karibu na uwanja kwa kutumia nguvu ya injini na vile vidhibiti vichache vilivyobaki, ikaangukia kwenye mashamba ya mpunga. Watu 138 walikufa, wengi wao watoto. Hapo nako minong'ono ya kwanza ilikuwa hujuma. Uchunguzi ukaonyesha kufuli za mlango: vipuri vyake vilikuwa vimewahi kuchomolewa kutengenezea ndege nyingine, na vilipofungwa upya havikufungwa sawasawa. Shinikizo la hewa lilipopanda, kufuli chache zilizokuwa nzima zilibeba mzigo wa zote, zikashindwa. Vita vilikuwa vimehusika, ndiyo, lakini kupitia karakana na haraka.

Kuna ajali moja ya zamani ambayo kila mtu wa urubani huisikia mapema, na ambayo ilipaswa kuizuia ile ya Jalalabad isitokee. Tarehe 30 Oktoba 1935, katika uwanja wa Wright Field, Ohio, Boeing ilikuwa ikionyesha kwa jeshi ndege yake mpya ya injini nne, Model 299, ambayo baadaye ilizaa ndege ya mabomu B-17. Ndege ilikuwa na kifaa kipya cha kufunga elevata na usukani wa mkia ili upepo usivipigepige ikiwa imeegeshwa. Kifaa hicho hakikufunguliwa. Ndege ikapaa, pua ikapanda bila kuzuilika, ikaishiwa mwendo na kuanguka. Meja Ployer Hill, aliyekuwa akiirusha, na Leslie Tower wa Boeing walikufa kutokana na ajali hiyo. Kutokana nayo ndipo marubani wa jeshi walipoanza kutumia orodha za ukaguzi zilizoandikwa, desturi ambayo leo imeenea hadi kwenye vyumba vya upasuaji.

Basi orodha ya ukaguzi ilizaliwa na elevata iliyofungwa. Miaka 80 baadaye, ndege yenye kompyuta na orodha za ukaguzi kwa kila hatua ikaangushwa na elevata iliyofungwa. Tofauti ni kwamba mwaka 1935 kilichofunga kilikuwa kifaa cha ndege, kinachoweza kuandikwa kwenye orodha. Mwaka 2015 kilikuwa kasha.

Hata kifaa kilichoandikwa hakitoshi kama ukaguzi umekuwa desturi ya mdomo tu. Tarehe 31 Mei 2014, miezi 16 kabla ya Jalalabad, ndege ya binafsi aina ya Gulfstream G-IV ilishindwa kupaa katika uwanja wa Hanscom, Bedford, jimbo la Massachusetts. Kufuli ya usukani haikuwa imefunguliwa. Ilivuka mwisho wa njia, ikaingia korongoni, watu saba wakafa. Wachunguzi walipopitia kumbukumbu za mashine waligundua kwamba katika miruko 175 iliyotangulia, marubani walikuwa hawajafanya ukaguzi kamili wa usukani katika asilimia 98. Askari wawili wa ulinzi waliokufa Jalalabad walitoka kikosi cha kambi ya Hanscom, inayopakana na uwanja huohuo wa Bedford.

Ukaguzi ninaouzungumzia ni huu. Kabla tu ya kuingia kwenye njia ya kurukia, rubani anausukuma usukani mbele hadi ugome, anauvuta nyuma hadi ugome, anauzungusha kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, kisha anafanya hivyo kwa kanyagio za mkia. Mwenzake anatazama na kutamka kwa sauti kwamba kila kimoja kimefika mwisho na kimerudi. Inachukua sekunde zisizozidi 15. Kasha la Jalalabad lisingeupita ukaguzi huu: usukani ukisukumwa mbele ungeligonga kabla haujafika mwisho wa safari yake, na mkono wa rubani ungejua hata kama macho hayaoni.

Kwa wanaopanga kazi ya kupakia injini zikiwaka, nina mapendekezo ambayo hayahitaji teknolojia yoyote. Kila ndege inayoshusha au kupandisha mzigo ihesabiwe kuwa imeanza safari mpya, na ukaguzi kamili wa usukani ufanywe upya bila kujali kama injini zilizimwa. Elevata ikihitaji kupandishwa, mtu aushike usukani kwa mkono, kwa kupokezana kati ya marubani wawili. Mkono ukichoka kabla mzigo haujaingia, upakiaji usimame kwa dakika moja wapumzike. Kama kamandi inaona hilo linapoteza muda, itengeneze kifaa rasmi chenye utepe unaoning'inia mbele ya saa ya mwendo, kiwe na namba, kipewe mahali pake pa kuhifadhiwa, na kiandikwe kwenye orodha kwa jina. Anayekiweka atamke kwenye redio ya ndani, na msimamizi wa shehena kule nyuma arudie. Baada ya hapo mlango wa nyuma usifungwe mpaka msimamizi huyo asikie kwamba kimetolewa. Yeye ndiye aliyeomba elevata zipande, kwa hiyo ndiye mwenye sababu ya kukumbuka kuuliza kama zimeshushwa.

Pendekezo hili la mwisho ndilo ninaloliamini kuliko yote, kwa sababu linaihamisha kumbukumbu kutoka kwa mtu mwenye mambo mengi kwenda kwa mtu ambaye kazi yake imefikia tamati hapohapo. Msimamizi wa shehena anajua sekunde hasa mzigo ulipoingia. Anaiona elevata kwa macho yake akiwa amesimama chini yake na tochi mkononi. Kabla hajabonyeza swichi ya kuufunga mlango, anamulika juu, anaangalia ubao umelala au umepanda, anamwambia rubani alichokiona, na rubani anamjibu kwa kuusukuma usukani mbele huku yeye bado anatazama.